Shingo ya Ukurasa wa Kwanza

Mimi kusoma sijui. Herufi nikizitazama naona mchwa wamepanga mstari wanakwenda msibani. Lakini kusikiliza najua, na kuiga najua zaidi. Nikikaa na mtu mpaka chai iishe, sauti yake nimeshaichukua. Yeye akiondoka, mimi naendelea kuwa naye. Mume wangu alikuwa anasema nyumba yetu ina watu ishirini na wote wanalala kitanda kimoja.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa tunakaa Kawajense, hapa Mpanda. Binti yangu wa mwisho alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri majibu. Shuleni alirudi na sanduku, godoro, na kitabu kimoja cha hadithi alichoachiwa na mwalimu wake. Riwaya, ndivyo alivyokiita. Mchana jua likiwa kali tunaingia jikoni, mimi namenya karanga, yeye ananisomea kwa sauti.

Siku ya kwanza kabisa akasoma hivi: palikuwa na mwanamume mrefu, shingo yake imelala kushoto, kama mti uliosukumwa na upepo wa upande mmoja tangu ukiwa mche.

Nikamwambia, "Funga kwanza. Huyo ataondoka."

"Nani?"

"Huyo wa shingo. Ana mke?"

"Mama, huu ni ukurasa wa kwanza. Hata jina lake bado hatujapewa."

"Akiwa na mke atamwacha. Na siku anamwacha, hatageuka kumtazama."

Akacheka, akaendelea kusoma. Siku ya tatu, karanga zimebaki robo debe, tukafika stendi. Yule mwanamume anapanda basi. Mke wake kasimama upande wa kulia na mtoto mgongoni, anangoja apungiwe mkono. Basi likaondoka, shingo ikabaki kushoto. Hakugeuka.

Binti yangu akakilaza kitabu mapajani, akanitazama kama amenikuta na mkoba wake.

"Mama, nani amekusimulia?"

"Mwandishi mwenyewe. Alisema siku ya kwanza, wewe ukawa unasoma tu."

Hapo ndipo aliponieleza maneno ya mwalimu wao. Yule mwalimu nilimsikia mara moja tu, kikao cha wazazi, lakini inatosha. Anaongea kidevu juu, kama mtu anayepima kina cha maji: "Mwandishi stadi hampambi mtu kwa kovu. Ukipewa kovu mwanzoni, lishike, utalihitaji mwishoni." Na kwenye mtihani, binti yangu akasema, waliulizwa hilohilo, eleza jinsi umbo la mtu linavyodokeza mambo yatakayompata. Yeye aliandika nusu ukurasa tu, akaishiwa.

"Ungeniita," nikamwambia.

Basi, kichwa kikavimba. Sikukaa tena kwa utulivu. Nikienda sokoni macho yanakimbia kutoka kisigino hadi kisogo. Muuza nyanya vidole vyake vinaachana, nikasema huyu hatashika kitu kikakaa. Mlinzi wa godauni ana sikio moja kubwa, nikasema huyu ataitwa shahidi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, yeye kidevu chake kinafika mahali kabla yake. Nikamwambia wewe utakufa unauliza swali. Akasema kwa pua yake ile, "Haya, wifi, na mimi sisemi kitu." Wifi yangu kila akimaliza kusema anasema hasemi.

Ndipo posa ikaja.

Kijana mwenyewe alikuwa fundi baiskeli pale sokoni, kwao ni huko Misunkumilo. Binti yangu alimjua tangu likizo, alikuwa anapeleka kule baiskeli ya baba yake. Sasa niwaambie kitu ambacho watoto wa siku hizi wanakicheka. Kwetu sisi mama mkwe na mkwe hawaonani. Siyo ugomvi, ni heshima. Siku anakuja, mimi nakaa jikoni, mlango nimeurudishia. Sauti kusikia si kosa. Uso ndiyo kosa. Mpaka aoe, azae, kuchinjwe kuku wa kufungua macho, ndiyo unaweza kumjua mtu aliyekuzalia wajukuu.

Walikuja watatu, yeye na wazee wake wawili. Nikasikia viatu, nikasikia salamu, nikasikia kigoda kinalia. Mtungi wetu wa maji uliokuwa karibu na njia nao nikausikia unaanguka. Kijana kaupiga teke. Mume wangu, aliyefanya kazi reli maisha yake yote na anaongea kama anatangaza treni, akasema, "Kwanza kabisa, karibuni. Pili, mtungi si kitu." Wakaongea, wakaondoka. Jibu wafuate Jumamosi inayofuata.

Mimi sasa namjuaje? Kwa kuambiwa tu. Kama kitabu.

Nikaanza na wifi, maana alikuwa pale nje tangu mwanzo.

"Yukoje?"

"Mweusi wa kung'aa, wa wastani, shati limepigwa pasi. Na mimi sisemi kitu."

"Na shingo?"

Sikujua ningeuliza hivyo. Lilitoka tu. Wifi kidevu kikasogea mbele. "Sasa umesema. Shingo yake… kweli, anaiweka upande. Kushoto. Tangu anaingia mpaka anakaa, anatazama kushoto tu. Hata mtungi hakuuona, ulikuwa kulia."

Karanga zikaniponyoka.

Nikaenda kwa jirani. Jirani yangu ni wa asili ya Burundi, tumepakana ua tangu watoto wetu wanatambaa, na anavyoongea ni raha kumwiga, naye akiniiga mimi watu wanashika mbavu. Yeye alikuwa anaanika mihogo wakati wageni wanatoka.

"Yule kijana ulimwona shingo?"

"Niriiona, dada. Imerara."

"Upande gani?"

"Kuria."

"Kushoto."

"Kuria, dada. Nirikuwa nimesimama hapa, macho yangu haya. Anatembea hivi." Akanionyesha, kichwa kimekwenda kulia mpaka kilemba kikataka kuanguka.

"Wewe kulia na kushoto hukufundishwa."

"Na wewe urifundishwa na nani?"

Nikamwacha na mihogo yake. Kulia au kushoto, shingo imelala, watu wawili wameiona. Nikamuuliza na mume wangu. "Kwanza kabisa," akasema, "sikumwangalia shingo, nilimwangalia mikono. Ana mikono ya kazi. Pili, ni kweli hakunitazama machoni hata mara moja. Alikuwa anaongea na bomba la mvua."

Wa nne alikuwa binti mwenyewe. Nilimvizia akiwa anaosha vyombo.

"Mwenzio shingo ina nini?"

"Shingo ya nani?"

"Usinizungushe."

"Mama, ana shingo kama ya watu wote."

"Watu watatu wameiona imepinda."

"Basi wamwoe wao."

Nikasema moyoni, ndiyo yuleyule mke wa stendi. Naye angeulizwa siku ya harusi angesema shingo imenyooka. Nikamweleza yote: mwandishi alivyosema, basi lilivyoondoka, na sisi hapa Mpanda ndiyo reli inapoishia, treni ikitoka hapa haina pa kwenda ila kumpeleka mtu mbali. Nikamwona tayari amesimama stesheni na mtoto mgongoni, upande wa kulia.

Alifuta mikono, akaingia chumbani. Mchana ule nikakaa jikoni na karanga zangu, namngoja na kitabu. Hakuja. Kesho yake hakuja. Nikamwita, akasema kutoka ndani, "Si unajua mwisho bila kusoma? Malizia mwenyewe."

Na mume wangu nilikuwa nimeshamwambia: Jumamosi akatae. Aliniuliza sababu, nikasema mama hana sababu, ana macho. Akasema, "Macho ambayo hayajamwona." Lakini mambo ya binti kwetu mama akikataa, baba hatangazi treni.

Zile siku sikulala vizuri wala sikukaa. Nikishika ufagio nauacha katikati ya ua, nikiinjika sufuria nasahau maji. Binti anapita kama kivuli, hali, hasemi, macho mekundu. Nikawa nasema, vumilia, analia sasa asije akalia baadaye. Halafu nasema, na kama siyo? Halafu nakumbuka basi. Halafu namkumbuka jirani: kulia. Mwenye shingo ya kushoto inakuwaje kulia?

Siku ya Alhamisi nikashindwa. Nikaenda kwa jirani.

"Niazime baiskeli."

"Ya kwenda wapi?"

"Kwa fundi."

"Baiskeri yangu haina ugonjwa, dada."

"Itaupata." Nikaitoa upepo gurudumu la nyuma mbele ya macho yake, nikaikokota. Alibaki na chekeche mkononi, nafikiri mpaka leo hajauelewa ule mchana.

Sikutaka kwenda na baiskeli ya nyumbani, kijana angeijua. Na sauti yangu pia ameshaisikia, siku ile nilikuwa napigia kelele kuku kutoka jikoni. Kwa hiyo nikajitanda khanga mpaka kwenye nyusi, na njiani nikaichukua sauti ya mama mmoja wa Ujiji aliyekuwa akituletea dagaa, sauti ndefu ya kuvuta kama kamba ya kisima. Nilisema nitasimama mbali, nitaiona shingo, nitarudi. Uso wake sitautazama. Huo ndio ulikuwa mpango.

Pale kwa mafundi palikuwa na vijana wanne, kila mmoja kainama kwenye baiskeli. Mtu akiinama shingo huioni. Nikasogea. Nikasogea tena. Aliyekuwa karibu akainua kichwa, akanitazama usoni moja kwa moja, kwa macho yake mawili.

"Karibu, mama. Pancha?"

Huyu siye, nikajua. Huyu shingo imesimama kama mchi.

"Mwananguu," nikasema kwa Kiujiji changu, "namtafuta fundi mmoja ambaye shingo yake imelala upande. Anasifiwa."

Akacheka. Alikuwa na mwanya, na chini ya sikio la kushoto ana alama nyeusi ndogo kama mbegu ya papai. "Mama, hapa sisi wote shingo ziko sawa. Zilizopinda ni ringi za wateja."

"Basi nitibie wewe."

Akaipindua baiskeli, akajaza upepo, akalizungusha gurudumu la nyuma. Akalitazama kutoka kulia, akahamia kushoto, akarudi kulia. Akasema pancha hamna, ila ringi imepinda kidogo, ngoja ainyooshe. Alikuwa anakaza spoki moja, anazungusha, anatazama, anakaza nyingine, hana haraka. Mimi na mdomo wangu ningekaaje kimya? Nikamchokoza.

"Umeoa, mwanangu?"

"Nimeposa."

"Wamekubali?"

"Jumamosi ndiyo watasema. Lakini nasikia mama mtu hanitaki."

"Ana nini huyo? Kijana mzuri hivi. Au anaogopa akikuona atakutaka yeye mwenyewe?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Yeye akatikisa kichwa, akacheka kwa aibu. "Mama, usiseme hivyo. Yule ni mkwe."

"Ehee. Umeshamwona?"

"Nimwone wapi? Kwao hawaonani. Binti aliniambia mama yake anakaa jikoni, na jiko halina dirisha la maana, mlango wenyewe unaachia, ukigeuka tu umemwona. Basi nilipoingia jiko likawa kulia kwangu, nikageukia kushoto. Nikapiga mtungi teke. Nilipotoka jiko likawa kushoto, nikageukia kulia. Mzee wa watu naongea naye natazama bomba la mvua. Shingo imeniuma siku tatu." Akaigusa, hapahapa, chini ya ile mbegu ya papai. "Na bado nasikia nimekataliwa."

Mwenzake mmoja akasema, "Ungemtazama tu, angekukubali."

"Siwezi. Ndiyo heshima yenyewe."

Nyie, mimi nimezaa watoto saba na sikuwahi kusikia maumivu kama yale. Nimemtazama mkwe wangu usoni. Yeye amenitazama. Nimemtania utani ambao kwetu hata shemeji hataniwi. Na ile shingo niliyomkatalia ilikuwa imepindishwa na mimi, na mlango wangu wa jikoni usiofunga.

Nikageuka nikaondoka. Akaita, "Mama, baiskeli," nikazidi kukaza mwendo. Sauti ya Ujiji nayo ilikuwa imenikimbia, nisingeweza kumjibu.

Njiani nikawa naongea peke yangu kwa sauti ya mwalimu, kidevu juu, na haikunifurahisha. Mwandishi wa kitabu ana wino kidogo, lazima kila tone lifanye kazi. Mungu wino wake hauishi. Anamwagia watu alama ovyo, huyu mwanya, huyu sikio, huyu mbegu ya papai, na nyingi hazina habari yoyote. Na nyingine siyo yeye aliyezichora, ni sisi tuliosimama vibaya.

Sasa nitasemaje? Nikisema nimemwona, nimevunja mwiko wa mama yangu na wa mama yake, na wifi yangu hatasema kitu mpaka Kawajense yote ijue. Nisiposema, Jumamosi mume wangu anakataa, na binti yangu ndiye anabaki stendi, na aliyeondoka ni mimi. Ijumaa nzima nilizunguka na neno mdomoni kama kaa la moto. Nilifika mlangoni kwa binti mara nne. Mara ya nne nikasikia analia, nikarudi na neno langu.

Jioni jirani akaja na baiskeli yake. Aliifuata mwenyewe.

"Yure fundi anauriza mama wa Ujiji yuko wapi. Nimemwambia simjui. Ringi imenyooka, dada, inakimbia kama sungura." Halafu akaniangalia. "Na ni yure kijana wenu. Shingo imepona."

"Nenda kalale," nikamwambia. Jua hata halijazama.

Jumamosi wakaja. Mimi jikoni. Nikasikia viatu, vya kijana vinakwepakwepa, wamehamisha mtungi lakini bado ana hofu nao. Nikachungulia upenyo chini ya mlango, nikaona miguu tu, kiatu kimoja kimeelekea kwa mume wangu na kingine kimeelekea kushoto, nikajua na kichwa kiko huko. Wazee wake wakasalimia. Binti yangu alikuwa nyuma ya nyumba, sikumsikia hata akipumua.

Mume wangu akakohoa. "Kwanza kabisa, tunawashukuru kwa heshima mliyotupa. Pili, mama wa binti na mimi tumekaa, tumeongea. Tatu…"

Tatu hiyo ndiyo ilikuwa treni yenyewe. Nikasimama, na kabla haijatoka stesheni nikaivuta ile kamba ya kisima.

"Mwananguu. Fundi. Ile ringi yangu umeinyoosha?"

Halafu wifi ananiambia, maana mimi sikuona, kijana aligeuka kulia, shingo yote, mpaka kwenye mlango wa jikoni, mdomo wazi. Mlango safari ile nilikuwa nimeufunga kwa kamba. Shingo ikasimama pale, imenyooka, watu wote wanaitazama. Nikasikia sauti yake, ndogo kabisa: "Nimeinyoosha, mama."

Mume wangu ananijua na watu wangu ishirini. Akahesabu. "Mama watoto," akasema, "hiyo tatu naisemaje?"

Nikamjibu kwa sauti yangu. "Sema fundi ni mzuri."

"Ulijuaje?"

"Usiniulize mbele za watu."

Wifi akaangua kicheko kwa pua. Wale wazee wawili wakaelewa kidogokidogo, mmoja alianza kukohoa akashindwa kuacha. Wakasema faini ni kuku wawili, siyo mmoja, mmoja wa kuonana na mmoja wa utani. Nikatoa wote mimi, majogoo, na nikaona wameniachia kirahisi. Nyuma ya nyumba nikasikia beseni limeanguka, na binti yangu hakuliokota.

Aliolewa baada ya mavuno. Kitabu alikwenda nacho. Katika hekaheka zile nilisahau kabisa kuwa hatujakimaliza, nikakumbuka gari limeshaondoka. Nikamtumia ujumbe kwa mdomo wa mtu: niambie mwisho. Akajibu, njoo kwangu nikusomee. Ananitesa, anajua mimi nyumba ya mkwe siingii.

Yule mkwe alikuja siku moja peke yake. Akabisha hodi mbali, akaweka kigoda uani, akanipa mgongo. Akasema kwa ukuta wa jiko, "Mama, nimetumwa na kitabu." Akaanza kusoma. Anasoma vibaya, neno moja moja, kama anakaza spoki. Yule mwenye shingo alikuwa anarudi, ameshuka kwenye basi, mke wake yuko ng'ambo ya barabara, upande wa kulia.

"Simama hapo," nikasema. "Najua."

Nikasikia amegeuza ukurasa.

"Mama," akasema, "safari hii tungoje kiseme chenyewe."

Nikashika karanga moja mkononi, sikuimenya. Nikangoja.